Zoezi Linalokwama Ndilo Linalofundisha

Jumanne jioni vijana ishirini na wawili wamejipanga mistari miwili kwenye uwanja wa vumbi, wanapigiana pasi za ndani ya mguu. Dakika za mwanzo mipira inapotea na kufuatwa vichakani. Robo saa baadaye pasi zinanyooka, kocha anaridhika, anaandika kwenye daftari kwamba somo limeeleweka. Jumamosi kwenye mechi vijana walewale wanampasia mwamuzi. Kocha anarudi nyumbani na hukumu ambayo kila mpenzi wa soka la mchangani ameshaisikia: watoto wa siku hizi hawashiki mafundisho, ukiwafundisha leo kesho wamesahau.

Hawajasahau. Hawakuwa wamejifunza. Wataalamu wa mazoezi hutenganisha mambo mawili: anachoweza mchezaji sasa hivi, akiwa katikati ya zoezi, na anachobaki nacho siku kadhaa baadaye, mahali pengine, huku amebanwa na mpinzani. La kwanza hupanda haraka na kushuka haraka. La pili ndilo ujuzi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hayaendi pamoja. Njia ya mazoezi inayopandisha la kwanza kwa kasi ndiyo inayoacha kidogo, na ile inayomfanya kijana akosee-kosee leo ndiyo inayodumu. Kocha akilijua hili atabadili karibu kila kitu anachofanya kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho, na hatahitaji shilingi ya ziada.

Pima kabla hujafundisha

Anza na kipimo, maana bila kipimo utaendelea kudanganywa na macho. Kila siku ya mazoezi, kabla hujasema neno lolote la mafundisho, wape vijana mtihani mfupi wa kile mlichofanya mara ya mwisho. Weka mawe mawili yaliyoachana hatua mbili. Kila mchezaji apige pasi tano kutoka hatua kumi na tano, tatu kwa mguu anaoupenda na mbili kwa ule mwingine, huku kila mpira ukimjia kutoka upande tofauti. Hesabu zilizopita katikati ya mawe, andika. Usimsahihishe mtu. Ukigawa vituo vinne kazi hii inakwisha upesi. Kama mipira ni michache, chagua wachezaji sita tu kwa siku na uwazungushe wote ndani ya mwezi.

Namba hiyo ya mwanzo wa zoezi ndiyo ya kuamini. Ile ya mwisho wa zoezi, vijana wakiwa wamelizoea, isikutie wazimu. Na kwenye mechi mpe msaidizi wako jambo moja tu la kuhesabu, kwa mfano ni mara ngapi kiungo alipokea mpira akiwa tayari ameangalia lango la wapinzani. Jambo moja. Ukimpa matano hatahesabu hata moja.

Vunja foleni

Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapa watu kazi tatu ndogo za kuangusha vibao kwa mkono, kila kazi ikiwa na mpangilio wake. Kundi moja lilimaliza kazi ya kwanza yote, likaenda ya pili, kisha ya tatu. Kundi lingine lilipewa kazi hizohizo zikiwa zimechanganywa, mtu asijue inayofuata. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa na kasi zaidi. Waliporudishwa siku kumi baadaye, waliochanganyiwa ndio waliofanya vizuri.

Kuangusha vibao si soka, utasema, na ni kweli. Lakini mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill walifanya jaribio la namna hiyo kwa wanawake waliokuwa wanaanza kujifunza mpira wa vinyoya, wakawafundisha aina tatu za kuanzisha mpira kwa wiki tatu. Walipohamishiwa upande wa pili wa uwanja, ambako hawakuwa wamefanyia mazoezi, waliochanganyiwa aina zote tatu waliwapita wenzao. Mwaka 1994 likaja jaribio la wachezaji wa besiboli wa chuo huko California, watu ambao tayari wanaujua mchezo. Kila siku ya ziada walirushiwa mipira 45 ya aina tatu, 15 kwa kila aina. Wengine walirushiwa aina moja hadi ikaisha, wengine walichanganyiwa. Mipira ilikuwa sawa kwa idadi, mpangilio tu ndio uliotofautiana, na waliochanganyiwa ndio walioendelea zaidi.

Sababu yake haina uchawi. Mtu akikuuliza njia ya kwenda Kariakoo mara kumi mfululizo, unafikiri mara ya kwanza tu. Mara tisa zilizobaki unarudia maneno yaliyo tayari mdomoni. Mchezaji anayepiga krosi ya ishirini kutoka sehemu ileile haamui kitu tena, mguu unafuata wimbo. Akilazimika kupiga krosi, kisha kukaba, kisha kupokea mpira wa juu, halafu krosi tena, kila mara ubongo unalazimika kuitafuta upya ile kazi na kuipanga. Huko kutafuta ndiko kunakofundisha, na ndiko kunakoleta makosa yanayomkera kocha.

Kwa hiyo chukua ujuzi wa aina tatu kwa siku: kupokea na kugeuka, pasi ndefu, na kumpita mtu kwa chenga. Chora mraba wa hatua ishirini kwa ishirini. Mchezaji mmoja katikati, mmoja anayemkaba, wanne pembeni wakiwa na mpira. Mpira unapoondoka kwa mtoaji, wewe unataja rangi: nyekundu ageuke na kupasia upande wa pili, kijani apige ndefu kwa mtu aliye nje ya mraba, njano ampite anayemkaba. Baada ya siku chache acha kutaja rangi. Mkabaji mwenyewe ndiye awe ishara. Mchezaji wa katikati akibanwa mgongoni anafanya jambo moja, akiachiwa nafasi anafanya lingine. Hapo umefika karibu na mechi, kwa sababu mechini hakuna mtu anayekutajia rangi.

Kuna mpaka wake. Mtoto ambaye hajawahi kupiga mpira wa juu kwa kichwa huwezi kumchanganyia mambo matatu kwa mpigo. Mpe kwanza marudio kumi au ishirini ya kitu kimoja hadi apate umbo lake, ndipo uanze kuchanganya. Lakini usikae huko mwezi mzima. Kosa la makocha wengi ni kubakiza mafunzo ya wiki ya kwanza hadi mwisho wa msimu.

Umbali nao uchezewe. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vidogo vya maharagwe wavirushe kwenye shabaha. Baadhi walifanya mazoezi ya futi 3 tu. Wengine walirusha futi 2 na futi 4, na hawakuwahi kujaribu futi 3. Siku ya mtihani wa futi 3, hao wa pili ndio walioshinda. Usiweke koni mahali palepale kila siku. Isogeze mbele, irudishe, ihamishie kwenye kona yenye mchanga.

Na penalti, jamani. Penalti kumi mfululizo mwisho wa mazoezi, kipa amechoka na wenzake wanacheka, hazifanani na kitu chochote kinachotokea mechini. Mechini penalti ni moja, mapigo ya moyo yako juu, na hakuna ya pili. Basi kila mnapomaliza mchezo mdogo, mtaje mchezaji mmoja ghafla, atembee peke yake kutoka mstari wa kati, apige moja, arudi. Akikosa amekosa, zamu yake itarudi wiki ijayo.

Kwa kuchanganya huku, chandimu, yaani soka la watoto mtaani, inawashinda makocha wengi wenye vyeti. Mpira wa makaratasi na matambara haudundi sawasawa, uwanja una mtaro, magoli ni ndala mbili kila upande, timu moja ina watu sita na nyingine watano. Hakuna foleni. Mtoto hufanya jambo jipya karibu kila anapogusa mpira, na anaugusa mara nyingi. Sisemi turudi kwenye matambara. Nasema mtoto aliyelelewa na chandimu hadi miaka kumi, akifika kwenye akademia na kuwekwa kwenye mstari wa watu kumi na moja wakisubiri zamu ya mpira mmoja, amerudishwa nyuma na mtu anayelipwa kumwendeleza.

Maneno machache, na yaelekee nje ya mwili

Kocha anayepiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho anapendwa na watazamaji. Wachezaji wake hawasikii kitu baada ya dakika kumi, na anaowafanya wasikie anawaharibu kwa njia nyingine: wanamtegemea yeye kujua kama wamekosea. Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha mwaka 1990 kwamba watu walioambiwa matokeo kila baada ya jaribio walikumbuka kidogo kuliko walioambiwa nusu tu ya mara hizo. Anayeambiwa kila kitu haachiwi nafasi ya kujihukumu mwenyewe.

Jaribu hivi. Acha majaribio matatu au manne yapite ukiwa kimya. Halafu uliza kabla ya kueleza: mpira ule ulikwenda wapi, na kwa nini? Kijana akijibu sawasawa, huna cha kuongeza. Akikosea, sahihisha jambo moja. Utashangaa ni mara ngapi anajua tayari.

Unachosema nacho kina uzito. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kutumia mashine ya kuiga kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie nguvu ya miguu yao walijifunza polepole kuliko walioambiwa wafikirie magurudumu ya jukwaa lililokuwa chini ya miguu hiyo. Tofauti ya sentimita chache, lakini moja iko mwilini na nyingine iko nje. Tangu hapo jambo hili limejaribiwa katika gofu, kuruka, kurusha na michezo mingine, na kwa sehemu kubwa matokeo yamekuwa yaleyale: mawazo yakiwa kwenye matokeo ya tendo, mwili hujipanga wenyewe, mawazo yakiwa kwenye goti na kifundo, mwili hukakamaa.

Kwa hiyo badala ya "kaza kifundo, inamisha kifua, funga goti", mwambie: "Mpira upite chini ya ile kamba." Badala ya "fungua nyonga unapopokea", mwambie: "Mguso wako wa kwanza uupeleke mpira upande ule usio na mtu." Kwa kipa: "Usukume mpira nje ya mwamba," si "nyoosha kiwiko." Funga kamba kati ya miti miwili kwenye urefu wa goti na umeokoa mahubiri ya nusu saa.

Kasi na pumzi

Desturi ya kuikimbiza timu ufukweni asubuhi, kilomita nane au kumi kwa mwendo mmoja, tumeiazima kwa wanariadha bila kuuliza wao wanakwenda kushindana kitu gani. Mwanariadha wa marathoni anakimbia kwa mwendo wake saa mbili na zaidi. Mcheza soka hutembea, hujikokota, kisha huchomoka ghafla mita kumi na tano, husimama, hugeuka. Kilomita 10 hadi 12 kwa mechi anazifikisha, lakini zimekatwa vipande mamia. Mbio ndefu za polepole zina faida yake mwanzoni mwa msimu, hasa kwa aliyetoka likizo. Zikiwa ndizo zoezi kuu la pumzi mwaka mzima, ni kupoteza jioni.

Tenganisha mambo mawili, kasi na pumzi. Kasi ya kuchomoka huendeshwa na akiba ndogo ya nishati iliyo ndani ya misuli yenyewe, fosfokriatini, inayotosha sekunde chache tu za nguvu zote. Mtu akisimama, karibu nusu ya akiba hiyo hurudi ndani ya nusu dakika hivi. Kujaa kabisa huchukua dakika 3 hadi 5. Ukitaka kufundisha kasi, basi, mpe mchezaji mbio sita za mita 20, kila moja kwa nguvu zake zote, na dakika mbili za kutembea baada ya kila mbio. Mtu aliyekaa pembeni ataona uvivu. Ukifupisha mapumziko ili jasho litoke hufundishi kasi tena, unafundisha kuvumilia uchovu, na kijana anakariri kukimbia polepole. Mbio hizi ziwe mara tu baada ya kupasha misuli, miguu ikiwa haijachoka, kamwe zisiwe mwisho wa mazoezi.

Pumzi unaijenga kwa mpira. Jan Helgerud na wenzake walichapisha mwaka 2001 kazi yao na vijana wa Norway: vipande vinne vya dakika 4, moyo ukipiga asilimia 90 hadi 95 ya kiwango chake cha juu, na dakika 3 za kukimbia taratibu katikati, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda, na mechini wachezaji walikimbia umbali mkubwa zaidi na kugusa mpira mara nyingi zaidi. Miaka michache baadaye, mwaka 2006, utafiti wa vijana wa Italia ulionyesha kwamba michezo midogo yenye mpira inaleta faida ileile ya pumzi kama mbio zisizo na mpira. Hapo mjadala kwangu umekwisha. Kama faida ni moja, kwa nini nimnyime kijana mpira?

Cheza wanne kwa wanne, uwanja wa hatua thelathini kwa ishirini na tano hivi, bila makipa, magoli manne madogo kwenye kona. Dakika 4, pumzika 3, mara nne. Mipira ya akiba iwe pembeni ili mchezo usisimame, kwa sababu mchezo ukisimama moyo unashuka na zoezi linageuka kuwa burudani. Ukitaka kupima, filimbi ikilia tu kila mmoja aweke vidole viwili shingoni ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa nne. Kukadiria kiwango cha juu, toa asilimia 70 ya umri kwenye 208: kijana wa miaka 16 anapata karibu 197, na asilimia 90 yake ni kama 177, yaani mapigo 44 kwa robo dakika. Ni makadirio, watu wa umri mmoja hupishana mapigo kumi na zaidi bila mmoja wao kuwa mgonjwa. Kipimo cha haraka zaidi ni mdomo. Anayeweza kusimulia sentensi nzima mwishoni mwa dakika ya nne hakuwa anacheza.

Kukimbiza watu kama adhabu ya kuchelewa, acha. Kunamchosha aliyekuja kujifunza, hakuonekani kwenye hesabu zako za wiki, na kunamfundisha kijana kwamba kukimbia ni kitu kibaya.

Kupasha misuli si kukimbia mizunguko mitatu

FIFA ilitoa utaratibu uitwao FIFA 11+, unaochukua dakika 20 na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira na koni chache: dakika 8 za kukimbia taratibu na kufungua viungo, dakika 10 za nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, dakika 2 za mbio na kubadili mwelekeo. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi moja. Kinachotuhusu zaidi ni jaribio la ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, lililochapishwa mwaka 2014: timu 20, na majeraha yalipungua kwa takriban asilimia 40. Lagos haina viwanja vya kapeti kila mtaa. Kama utaratibu huu umefanya kazi kule, utafanya kazi Temeke na Likoni.

Ndani yake kuna zoezi moja la misuli ya nyuma ya paja ambalo wachezaji hulichukia. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajiangusha mbele polepole iwezekanavyo akiwa amenyooka hadi mikono imdake. Anza na mara tatu au tano tu. Maumivu ya siku ya pili ni makali mwanzoni, kwa hiyo usilianzishe siku mbili kabla ya mechi. Kunyoosha misuli kwa kukaa umeivuta dakika nzima, kama wengi walivyozoea kabla ya mechi, kunapunguza nguvu ya misuli kwa muda. Kuhamishie mwisho.

Jua, jasho na mwezi wa Ramadhani

Kwenye pwani yetu, adui si jua peke yake. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ikiwa imejaa unyevu, jasho linadondoka chini bila kupoza chochote. Mchezaji anayetoka Mbeya au Eldoret kuja kucheza pwani anahitaji siku 10 hadi 14 za kuzoea, akianza na mazoezi mafupi. Maji yawe uwanjani muda wote, kila mtu anywe anapohisi kiu. Kumnyima mchezaji maji ili awe mgumu ni ujinga unaoua.

Mchezaji akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia huku mwili unawaka moto, usimkimbize garini kwanza. Mpoze palepale: kivulini, jezi nje, maji mengi mwili mzima, wampepee, huku mwingine anatafuta usafiri. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa.

Ramadhani ikifika, wachezaji wanaofunga wapangie mazoezi mazito saa mbili au tatu baada ya futari. Kama uwanja hauna taa, basi fanyeni saa ya mwisho kabla ya magharibi, ujuzi na mipango tu, bila michezo ya dakika nne. Muulize mchezaji mwenyewe amelala saa ngapi, maana mwezi huo kinachopungua zaidi ni usingizi.

Kijana mmoja, timu tatu

Mafunzo hukaa yakitawanywa. Alan Baddeley na mwenzake Longman waliwafundisha wafanyakazi wa posta Uingereza kupiga taipu, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Cha kuchekesha, hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo zaidi na ratiba yao, walijiona wanachelewa. Vijana wako nao watalalamika ukiwapa dakika 75 mara nne kwa wiki badala ya saa tatu za Jumamosi na mbili za Jumapili. Waache walalamike. Nyumbani kila mmoja awe na ukuta na robo saa kwa siku, miguu yote miwili. Na walale: kijana anahitaji saa 8 hadi 10, na sehemu ya yale aliyofanya jioni hutulia kichwani wakati amelala.

Lakini kijana huyohuyo anachezea shule kwenye mashindano ya UMISSETA, anaitwa kwenye ndondo ya mtaa Jumapili, na yuko kwako Jumanne. Kila mmoja kati yenu walimu watatu anadhani anampa mazoezi ya kawaida. Fanya hesabu rahisi ambayo Carl Foster alishaieleza: nusu saa baada ya mazoezi muulize, kutoka 0 hadi 10, leo ilikuwa ngumu kiasi gani? Zidisha kwa dakika. Dakika 75 kwa ugumu wa 6 ni 450. Jumlisha wiki nzima, pamoja na za shule na za mtaani. Wiki ikiruka ghafla kuliko zilizopita, wewe ndiye upunguze, hata kama kosa si lako.

Angalia pia anayerefuka. Kijana wa miaka 13 au 14 aliyeongezeka urefu haraka hupoteza mguso wake kwa miezi, anajikwaa, anapoteza mipira aliyokuwa anaituliza kwa urahisi. Hajawa mvivu, miguu imekuwa mipya. Akilalamika maumivu kwenye nundu ya mfupa chini tu ya goti, hasa akiruka, mpunguzie kuruka na mbio, na yakiendelea aonwe na daktari. Mwenye homa hachezi, hata ikiwa fainali, mpaka homa iishe na nguvu zirudi.

Viongozi wa timu na wazazi watakuja kuangalia. Wataona mazoezi yenye vurugu, mipira inayopotea, kocha aliyekaa kimya, vijana wanaotembea dakika mbili kati ya mbio. Watauliza kama kweli unafundisha. Waonyeshe daftari la mtihani wa mwanzo wa mazoezi, wiki ya kwanza na ya sita, kisha wape ombi moja. Kila timu ya mchangani ninayoijua ina jezi nzuri kuliko mipira. Mipira miwili kwa watu ishirini na wawili maana yake ni foleni, na kwenye foleni hakuna anayejifunza. Zikipatikana pesa za mfadhili au za diwani, jezi za zamani zifuliwe. Nunueni mipira, mmoja kwa kila wachezaji wawili.